Askari mwenye damu moja

Askari wangu wa kwanza wa mkuki aliuawa na mpanda farasi mmoja, na mimi nikagombana na binamu yangu wiki nzima kwa sababu ya maiti ile.

Gemu ilikuwa Age of Empires II, ile ya zamani, kopi iliyopita mikono mingi hadi ikafika kwenye saiba moja ya Kombani, pale barabara inapogawanyika, mkono mmoja ukipanda Kwale na mwingine ukiendelea Tiwi na Ukunda. Shilingi moja kwa dakika. Kompyuta sita, mbili mbovu, na feni inayozunguka kama kibarua anayelipwa kwa siku. Maelezo ya gemu yalisema kwa Kiingereza kwamba mtu wa mkuki ni mzuri dhidi ya farasi. Nami, mtoto mtiifu, nikamtengeneza mmoja. Akaja farasi mmoja. Mkuki akaanguka, farasi akabaki na damu kama nusu, akaingia kijijini kwangu kuua watu waliokuwa wakichuma matunda, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Gemu imenidanganya," nikasema.

"Gemu haidanganyi, bro. Ni wewe hujui kucheza."

Sote wawili tulikosea, lakini ilinichukua miaka kuona tulikosea wapi.

Hebu tupige hesabu kidogo, maanake humu hesabu ndiyo fasihi yenyewe. Mpanda farasi ana damu 100, anapiga kwa nguvu ya 10 na kinga yake ni 2. Mtu wa mkuki ana damu 45, anapiga kwa 3, kinga hana. Hizo ndizo namba unazoonyeshwa chini ya skrini. Ukizifuata, mkuki anamtoa farasi damu moja kwa kila pigo, 3 toa 2, na atahitaji mapigo mia. Lakini nyuma ya pazia kuna namba nyingine, 15, inayoongezwa kila mkuki unapomgusa aliyepanda mnyama. Kwa hiyo pigo moja ni 16, na farasi anakufa kwa mapigo saba. Mbona basi wangu alikufa yeye? Kwa sababu nyuma ya pazia kuna pazia la pili. Farasi anarudia pigo lake karibu kila sekunde 1.8, mkuki anangoja sekunde 3. Mapigo matano ya farasi yanammaliza mkuki kwenye sekunde ya saba hivi, na katika muda huo mkuki kapiga mara tatu tu. Mara tatu 16 ni 48. Farasi anabaki na 52. Ndiyo ile nusu niliyoiona.

Sasa weka mikuki miwili mbele ya farasi yule yule. Kwenye karatasi, farasi anamuua wa kwanza, anamgeukia wa pili, na hapo hapo pigo la nne la aliyebaki linammaliza. Mikuki miwili inagharimu chakula 70 na mbao 50, bila dhahabu hata chembe. Farasi mmoja ni chakula 60 na dhahabu 75. Yale maelezo hayakuwa uongo. Ila hayakuwa yakizungumzia watu wawili kuumana uwanjani, kama nilivyodhani. Mkuki hamshindi farasi. Bei ya mikuki ndiyo inayoishinda bei ya farasi.

Nimeirudia gemu hii mara nyingi tangu enzi za saiba, kwanza kwa laptopu ya mkopo, halafu toleo jipya lililotoka mwaka 2019, na bado naiona kuwa moja ya gemu bora za mkakati zilizowahi kutengenezwa. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akadhani nimeleta matanga. Iliundwa na Ensemble Studios mwaka 1999, na kuna watoto waliozaliwa baada yake ambao leo wana watoto wao, na bado inachezwa. Lakini ukiuliza kwa nini mchezaji mpya anachanganyikiwa na askari na damu zao, jibu la kawaida ni kwamba namba ni nyingi. Mimi naona namba si nyingi. Zimepangwa kwa jicho la mtu mmoja tu, na mchezaji haambiwi ni jicho la nani.

Chukua lile gogo la kuvunjia ukuta. Lina damu 175. Kinga yake dhidi ya mishale ni 180, na dhidi ya panga ni hasi 3. Sisi tulipoiona ile alama ya kutoa tukadhani ni kompyuta imeharibika, mojawapo ya zile mbili. Tukapanga wapiga mishale ishirini tukalimiminia gogo mishale kama mvua ya Mei, na kila mshale ukalitoa damu moja, kwa sababu gemu imeamua hakuna pigo linaloshuka chini ya moja. Gogo likasonga taratibu, likavunja mnara, likavunja kasri, likamaliza. Wakati huo huo wanakijiji watano wangetoka tu na mikono yao, na kila mmoja angekuwa na nyongeza ya 3 kwa ile hasi. Lakini nani atawaza kutuma wakulima mbele ya mashine ya vita? Walionunua gemu kihalali walipata kitabu cha maelekezo ndani ya kisanduku. Kopi yetu ilikuja uchi. Aliyejua hasi 3 ni nini alikuwa yule mwenye bando la kusoma usiku, na kwa kipindi kirefu huyo alikuwa binamu. Siku moja akaja na jedwali alilolichapisha kurasa nne, akalikunja, akaliweka mfukoni mwa suruali, na miezi miwili hakuna aliyemshinda. Alisema amekuwa mahiri. Alikuwa na karatasi, basi.

Hilo nililielewa haraka, na lilinikasirisha kwa namna ninayoijua: mambo yaliyoandikwa mahali, kwa lugha ya watu wengine, na wewe unagundua kwamba yapo pale tu yanapokuumiza. Lile la pili, la damu, halikunikasirisha kabisa mwanzoni. Liliniudhi baadaye sana.

Tulisema "damu." Wengine walisema "laifu": "Ana laifu ngapi?" Ukiandika makala ya heshima utaambiwa useme "afya." Nimejaribu. Sikia inavyosikika: askari huyu ana afya 12. Hakuna mtu wa Kwale atakayekubali sentensi hiyo, kwa sababu afya haihesabiki hivyo, na pia kwa sababu huyo askari si mgonjwa. Hapo ndipo penye ajabu. Katika Age of Empires II, mpanda farasi mwenye damu 100 anapiga kwa 10. Mwenye damu 50 anapiga kwa 10. Mwenye damu moja, aliyechomwa na kukatwa, ule mstari juu ya kichwa chake ukiwa umekwisha wote, anapiga kwa 10, anakimbia mbio zile zile, anaitikia amri kwa sauti ile ile. Halafu anaguswa na mshale mmoja na kuwa maiti. Hakuna homa, hakuna kuchechemea, hakuna aliye hoi. Kuna mzima na kuna mfu, na mzima ni mzima kabisa mpaka sekunde anapokufa.

Kila mchezaji mgeni anachanganyikiwa hapa, hata asipojua kueleza. Anaona askari wake wamebaki na damu kidogo, anawarudisha nyumbani kwa huruma, na wakati huo mwenzake anawaacha wa kwake wapigane hadi tone la mwisho, na anashinda. Huruma ni hasara. Binamu alikuwa akinifundisha hivyo kwa sauti ya mwalimu wa madrasa: "Mwache afe akipiga. Huyo keshalipiwa."

Wapo wanaotetea mpango huu, na hoja yao ina uzito, siipuuzi. Ukimpunguzia nguvu majeruhi, wanasema, anayepiga wa kwanza ndiye anayeshinda, kwa sababu kila pigo linamfanya adui awe dhaifu zaidi kurudisha. Vita vinaisha kabla havijaanza, na gemu inakuwa mbio za kuvizia. Kweli. Lakini kuna gemu zilizojaribu njia nyingine. Civilization IV, ya mwaka 2005, ile ambayo ukiiwasha inakupokea kwa kwaya ya Kiswahili, "Baba Yetu" ya Christopher Tin, wimbo uliokuja kupata Grammy mwaka 2011, ina namba moja tu kwa kila jeshi: nguvu. Jeraha linakula nguvu hiyo hiyo. Jeshi la nguvu 8 lililoumia linabaki 5.4, na hiyo 5.4 ndiyo litakayopigania. Inabidi ulipumzishe, zamu kadhaa, ardhini kwako, wakati dunia inaendelea. Nilipoicheza mara ya kwanza niliiona inachosha. Nilitaka farasi wangu wa Kombani, asiyechoka.

Sasa nimlete mjomba, maana bila yeye haya yote ni mazungumzo ya saiba.

Mjomba wangu ni mkwezi. Analipwa kwa mnazi, si kwa siku wala kwa saa. Kila mti aliopanda akaangua ni kiasi fulani, na asiyepanda hana kitu. Asubuhi moja alikwenda shambani kwa watu na homa. Mimi nilikuwa naye kuokota, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Alitetemeka wakati wa kufunga kamba miguuni. Nikamwambia, "Mjomba, turudi." Akaniambia, "Mjomba, nyamaza," kwa vile kwetu mtu na mpwa wake huitana hivyo kwa zamu. Akapanda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nataka nieleweke vizuri: hakupanda polepole. Alipanda kama siku zote, akaangua kama siku zote. Mwenye shamba alikuwa amekaa kivulini akihesabu nazi zinavyoanguka, na hesabu yake ya asubuhi ile haikutofautiana na ya wiki iliyotangulia. Kwenye mnazi wa kumi na mbili, wakati wa kushuka, mikono ilimwachia. Bahati alikuwa keshafika chini ya nusu. Mkono ulivunjika kwenye kifundo.

Mwenye shamba alisimama, na alichosema sikukisahau. Hakusema kwa ubaya. Alishangaa kweli kweli: "Lakini sasa hivi alikuwa mzima!"

Miaka yote nilikuwa nikiicheka gemu kwamba imekosea, kwamba hakuna mtu mwenye damu moja anayeweza kupiga kwa 10. Kumbe mjomba aliweza. Alipanda minazi kumi na miwili kwa damu moja, na aliyekuwa akimtazama kutoka kivulini aliona mzima, mzima, mzima, halafu ameanguka. Gemu haikukosea kuhusu dunia. Imeiga kwa uaminifu kabisa macho ya aliyekaa kivulini. Nguvu inayotoka ndiyo anayoihesabu. Kile kinacholiwa ndani ili nguvu ile itoke, hakimo kwenye hesabu yake, mpaka kiishe. Hapo ndipo nilipoacha kusema mfumo huu unachanganya. Unamchanganya anayejiweka nafasi ya askari. Ukikaa nafasi ya mwenye shamba, uko wazi kama mchana.

Na hata bei ya mikuki ikajieleza. Miwili inamuua farasi, mmoja kati yao akifa, na hiyo inaandikwa faida.

Kitu kingine ambacho gemu inakifanya, nacho naona wahakiki wa gemu wanakipita tu, ni pale inapoamua watu wapone. Damu hairudi yenyewe kwa askari wa kawaida. Atibiwe na mtawa, au umwingize ndani ya kasri, na humo damu inapanda taratibu hadi ijae. Ndani ni salama, ndani ni hospitali. Sasa mimi niliyekulia upande huu wa kivuko cha Likoni, kasri ninayoijua kwa macho ni Fort Jesus. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na ndani walikuwamo Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao, wakiwemo watu wa Faza. Waliowaangusha wengi zaidi hawakuwa wapiga bunduki. Maradhi na njaa vilifanya kazi hiyo, ndani ya kuta, na boma lilipovunjwa hatimaye waliobaki kulilinda walikuwa wachache wa kuhesabu kwa vidole. Kwa kanuni ya Age of Empires II, watu wale walipaswa kutoka wakiwa wazima kabisa, mistari yao ya kijani imejaa.

Nasikia mtu akisema: ni gemu, bana. Ndiyo. Bao pia ni mchezo, na bao lina askari 64 na halimuui hata mmoja. Kete unayoiteka unaipanda upande wako, inakuwa yako, kesho inaweza kurudi kwa mwenziwe. Unashindwa pale mstari wako wa mbele unapobaki mtupu, au unapokosa pa kwenda, na kete zote bado ziko palepale kwenye ubao. Wazee wanaocheza chini ya mwembe hawajawahi kuhitaji mstari wa kijani. Sisemi bao ni bora. Bao lina siri zake za kumliza mgeni, muulize yeyote aliyejifunza nyumba na mtaji kwa kuchekwa. Nasema tu kwamba kuna njia nyingi za kuhesabu watu, na kila njia ilichaguliwa na mtu.

Mwaka 2015 gemu iliongezewa kifurushi cha Afrika. Nilikisubiri kama Idi. Wamo Waberberi, Wahabeshi, Wamali, na wa nne, nikasoma mara mbili, Wareno. Waswahili hatumo. Na kampeni ya hao Wareno inakuweka wewe mchezaji nafasi ya Francisco de Almeida, yule yule aliyeishambulia Kilwa Julai 1505 na kuichoma Mombasa Agosti ya mwaka huo huo. Nilimwambia binamu, akacheka hadi machozi, akasema angalau tumepata kazi ya kuwa upande wa pili wa skrini. Nikaicheza hata hivyo. Niliicheza vizuri, kwa jedwali kichwani, nikiwaacha majeruhi wafe wakipiga.

Lakini mwisho halisi wa Almeida ndio unaonifanya nitabasamu. Akiwa njiani kurudi Ureno alitia nanga kwenye ghuba ya Mlima Meza, huko Afrika Kusini, na tarehe 1 Machi 1510 aliuawa yeye na zaidi ya watu wake 50 na Wakhoikhoi, wafugaji waliopigana kwa mikuki na mawe na ng'ombe wao wenyewe. Kwa miaka mingi wachezaji wa mfululizo wa Civilization wamekuwa wakilalamika kuhusu yale matokeo yanayowatia wazimu, mtu wa mkuki kulishinda tangi, na wanayataja kama ushahidi kwamba hesabu imeharibika. Sijui wangeuandikia nini ule ufuo wa Machi 1510. Wareno wale walikuwa na silaha za chuma. Walikuwa pia kwenye mchanga mzito, juani, mbali na mashua zao, na mateka mikononi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonyeshwa chini ya skrini.

Mjomba alipona, ila kifundo hakikurudi sawa, na hapandi tena. Siku hizi anauza madafu pale stendi kwa mkokoteni, na jioni akifunga kazi hupita kwangu kunywa chai. Juzi alinikuta nikicheza. Akavuta kiti, akatazama kimya kwa muda mrefu, kikombe mkononi. Nilikuwa na wapanda farasi wanane wakilishambulia lango, mmoja wao mstari wake umebaki mwekundu tupu.

"Huyu," akasema akigusa skrini kwa kidole, "mbona humtoi?"

"Hana shida, mjomba. Humu hawapungui nguvu."

"Hawapungui?"

"Hawapungui. Anapiga sawa na wenzake."

Akanywa chai. Akaendelea kumtazama yule yule tu, hakuangalia wale saba. Nikambofya, nikamwelekeza nyuma, mbali na lango. Akageuka, akakimbia kwa mwendo ule ule wa mtu mzima. Lango likanishinda kwa mapigo machache tu, na binamu, aliyekuwa upande wa pili akicheza kutoka Ukunda, akaniandikia kuuliza kwani nimelala.

"Sasa huyo atafanya nini huko?" mjomba akauliza.

"Hakuna mtawa. Atakaa tu."

"Basi akae," akasema, akasogeza kiti kivulini, maana jua la jioni lilikuwa linampiga usoni.